Hamira Iliyolala Njaa Kwenye Sukari

Hapo kale, tena si kale sana, palikuwa na hamira iliyowekwa katikati ya sukari ikalala njaa. Sukari ilikuwa safi, imeizunguka kila upande. Jeni ya kuimeng'enya sukari hiyo hamira ilikuwa nayo, nzima, bila kasoro hata ya herufi moja. Na bado haikula, na kwa kuwa haikula, haikukua wala kuzaana.

Hadithi hii ni ya kweli, wanangu. Watu waliomo wana majina yao, na mambo waliyoyafanya yana miaka yake. Inaanzia kwenye visahani vya maabara jijini New York, inaingia ndani ya seli za miili yenu, na inafika hadi kwenye wodi za watoto wanaougua saratani. Nitaisimulia taratibu. Mkifika mahali pagumu msiruke. Rudini nyuma sentensi mbili, kisha tuendelee pamoja.

Uzi wa mita mbili

Karibu kila seli ya mwili wako ina DNA ndani ya kiini chake. DNA ni molekuli ndefu mno inayobeba maelekezo ya kuujenga mwili na kuuendesha. Maelekezo hayo yameandikwa kwa herufi nne za kikemikali, A, T, G na C, nazo husimama kwa jozi: A hukaa na T, G hukaa na C. Seli moja ina jozi zipatazo bilioni 6. Kipande cha DNA chenye maelekezo ya kutengeneza protini fulani ndicho tunachokiita jeni.

Sasa sikilizeni vipimo. Ukichukua DNA yote ya seli moja, ukainyoosha na kuipanga mstari mmoja, utapata karibu mita 2. Kiini kinachoihifadhi kina upana wa mikromita 6 hadi 10 hivi, na mikromita 1000 ndizo hufanya milimita moja. Mita mbili zimo ndani ya nafasi hiyo, tena zimo kwa utaratibu, maana seli inapogawanyika DNA yote hunakiliwa na kila seli mpya hupewa fungu lake kamili.

Utaratibu huo unatoka wapi? Dalili ya kwanza ilionekana mwaka 1884, pale mwanakemia Mjerumani Albrecht Kossel alipochunguza chembe nyekundu za damu ya bata bukini. Ndani ya viini vyake alipata aina ya protini ambayo aliipa jina la histoni. Kwa miaka mingi watu walijua kwamba histoni hukaa pamoja na DNA, lakini hawakujua zimeshikanaje. Jibu lilikuja mwaka 1974, wakati Roger Kornberg alipokuwa akifanya utafiti mjini Cambridge, Uingereza. Alipendekeza kwamba histoni hukusanyika nane nane, na DNA huzunguka kila kundi la nane. Mwaka 1997, mjini Zürich, Uswisi, Karolin Luger, Timothy Richmond na wenzao walichapisha umbo kamili la kitu hicho, kila atomu karibu mahali pake.

Ili mlione umbo hilo, fikirieni rili ya uzi ya fundi cherehani. Histoni nane zimeshikana zikafanya rili: mbili za aina ya H2A, mbili za H2B, mbili za H3 na mbili za H4. DNA huizunguka rili hiyo mara moja na theluthi mbili hivi, na hapo huwa imetumia jozi 147 za herufi. Kisha hutoka, huenda hatua fupi ikiwa wazi, na kuizunguka rili nyingine, halafu nyingine, mpaka zifike karibu milioni 30 katika seli moja ya binadamu. Rili moja pamoja na DNA iliyoizunguka huitwa nukleosomu. Na DNA yote, pamoja na histoni zake na protini nyingine zilizoishikilia, huitwa kromatini.

DNA hushikamana na histoni kwa sababu ya umeme. DNA ina chaji hasi kila mahali ubavuni mwake. Histoni zina chaji chanya nyingi. Chaji hasi na chanya huvutana, kwa hiyo DNA hukaa juu ya histoni imebana, na hugusana nazo vizuri katika sehemu 14. Mguso mmoja peke yake ni dhaifu. Migusano 14 kwa pamoja ni imara kiasi kwamba DNA haijifungui yenyewe kirahisi.

Hapo ndipo tatizo letu linapozaliwa. Ili jeni ifanye kazi, lazima isomwe, na anayesoma ni mashine kubwa ya protini iitwayo RNA polimerasi. Mashine hiyo hutua mwanzoni mwa jeni kabla ya kuanza safari. Kama mwanzo huo umezungushwa kwenye histoni, hakuna mahali pa kutua. Jeni ipo, maelekezo yapo, lakini hayafikiki.

Kisa cha New York

Hamira mnaijua. Ni zile punje za rangi ya kahawia anazochanganya mama kwenye unga wa maandazi au wa mkate, unga ukaumuka. Kila punje imejaa viumbe hai vya seli moja moja, ambavyo wanasayansi huviita *Saccharomyces cerevisiae*. Msiidharau seli hiyo kwa udogo wake. Ina kiini kama seli yako, DNA yake imezungushwa kwenye histoni kama yako, na histoni zake zinafanana mno na zako. Ndiyo maana maabara nyingi duniani huitumia kuuliza maswali yanayotuhusu sisi.

Sukari ya mezani, kwa jina la kikemikali sukrosi, imeundwa kwa sukari mbili ndogo zilizoungana: glukosi na fruktosi. Ili hamira iile, hutengeneza kimeng'enya kiitwacho invertasi, hukitoa nje ya seli, nacho huko nje huikata sukrosi katikati. Kimeng'enya, kwa wale ambao hawajafika darasa hilo, ni protini inayoharakisha kazi fulani ya kikemikali. Jeni yenye maelekezo ya invertasi inaitwa SUC2. Hamira haiisomi jeni hiyo ovyo. Glukosi inapokuwa tele, SUC2 hufungwa, kwa sababu hakuna haja ya kukata sukrosi wakati chakula rahisi kipo. Glukosi inapokwisha, SUC2 hufunguliwa.

Lenore Neigeborn na Marian Carlson, wa Chuo Kikuu cha Columbia, walitaka kujua ni nani anayeifungua. Njia yao ilikuwa ya subira: walitafuta seli za hamira zenye hitilafu, zile zinazokua vizuri zikipewa glukosi lakini zinashindwa zikipewa sukrosi. Walipozipata, walichunguza kilichoharibika. Katika baadhi yake SUC2 yenyewe haikuwa na kasoro yoyote. Kilichoharibika kilikuwa jeni nyingine, mbali kabisa na SUC2. Mwaka 1984 walitangaza jeni hizo na kuziita SNF, kila moja na namba yake. Kumbukeni mbili kati ya hizo: SNF2 na SNF5. Tutakutana nazo tena, moja kwa furaha na nyingine kwa huzuni.

Mwaka huohuo, upande wa pili wa Marekani, mjini San Francisco, Ira Herskowitz na wenzake walikuwa wakifuata swali tofauti kabisa. Hamira zina jinsia mbili, na baadhi ya seli zinaweza kubadilisha jinsia. Ili zibadilike lazima jeni iitwayo HO ifunguliwe. Kundi hilo lilipata hamira ambazo hazibadiliki, likazipa jeni zilizoharibika jina la SWI, nazo pia kila moja na namba yake.

Sukari na jinsia vina uhusiano gani? Hakuna aliyeuona mwanzoni. Lakini miaka ya mwanzo ya 1990, watafiti waliposoma herufi za jeni hizo moja baada ya nyingine na kuzilinganisha, walikuta kwamba SNF2 na SWI2 ni jeni moja. Makundi mawili, yaliyoanza na maswali mawili, yalikuwa yamemfikia fundi yuleyule. Kumbe fundi huyo hakuwa wa sukari wala wa jinsia. Alikuwa anafungua jeni za kila namna.

Hukumu ilivyopatikana

Kujua jina la fundi si kujua kazi yake. Je, anazifunguaje? Huenda anatengeneza protini fulani inayoita mashine ya kusoma. Huenda anaisukuma mashine yenyewe. Au huenda anapambana na histoni. Mngekuwa ninyi, mngechaguaje kati ya majibu hayo matatu?

Mwaka 1992, mjini Boston, Joel Hirschhorn, Fred Winston na wenzao walitoa jaribio ambalo mimi hulipenda kila ninapolikumbuka, kwa sababu mtoto anaweza kulielewa na mzee akalistaajabia. Walichukua hamira zisizo na SNF2 inayofanya kazi, zile zinazolala njaa kwenye sukari. Hawakuzirudishia SNF2. Badala yake walizipunguzia histoni: hamira ina jeni mbili mbili za kutengeneza H2A na H2B, nao wakaondoa jozi moja. Histoni zikawa chache. Na SUC2 ikaanza kusomwa tena.

Fuateni hoja hiyo. Kama kazi ya SNF2 ingekuwa kuita mashine ya kusoma, kupunguza histoni kusingesaidia kitu, maana mwitaji bado hayupo. Lakini kizuizi kilipopungua, fundi wa kuondoa kizuizi hakuhitajika sana. Kwa hiyo SNF2 hufanya kazi dhidi ya histoni. Watafiti walichunguza pia kromatini ya eneo la SUC2, wakaona kwamba bila fundi huyo inabaki imejifunga hata glukosi ikiisha.

Ushahidi wa mwisho ulikuja mwaka 1994. Maabara kadhaa, mojawapo ya Roger Kornberg yuleyule wa mwaka 1974, zilifanikiwa kumtoa fundi ndani ya seli akiwa mzima na kumtazama. Ikaonekana kwamba SNF2 hafanyi kazi peke yake. Ni mmoja katika kundi la protini zipatazo 12 zilizoshikana, kundi zito karibu mara tano ya nukleosomu moja. Humo ndani walikuwemo SNF5 na ndugu wengine wa SNF na SWI, kwa hiyo kundi zima likaitwa SWI/SNF. Jacques Côté, Craig Peterson, Jerry Workman na wenzao waliliweka kundi hilo kwenye chupa ya majaribio pamoja na nukleosomu, wakaongeza ATP, na protini iliyokuwa ikishindwa kuifikia DNA ikaweza kuishika.

ATP ndiyo molekuli inayobeba nishati ya kazi nyingi za seli. Seli huitengeneza kutokana na chakula. Bila ATP kundi la SWI/SNF lilikaa tu, na nukleosomu zikabaki kama zilivyokuwa. Kufungua jeni, basi, ni kazi kama kazi nyingine yoyote, na kila kazi ina gharama yake.

Jozi moja kwa hatua moja

Sasa tuiangalie mashine yenyewe, maana huu ndio moyo wa hadithi. Vitu vya namna hii huitwa vimeng'enya vinavyopanga upya kromatini. Vyote, kuanzia hamira hadi binadamu, vina injini ya aina moja, na injini hiyo ndiyo sehemu ya protini inayofanana na ile ya SNF2.

Injini ina sehemu mbili za mviringo zilizokaa jirani, na katikati yake kuna ufa. ATP huingia kwenye ufa huo. Inapoingia, sehemu mbili hukaribiana. ATP inapovunjwa na mabaki yake kutoka, hutengana. Zote mbili zimeishika DNA. Kwa hiyo kila zinapokaribiana na kutengana, DNA husogezwa kidogo, kwa kawaida jozi moja tu ya herufi kwa kila ATP inayovunjwa.

Injini haiishiki DNA pale inapoingilia kwenye histoni, ambapo mtu angedhani ndipo rahisi. Huishika ndani kabisa, mahali palipo jozi 20 hivi kutoka katikati ya nukleosomu. Sehemu nyingine za kimeng'enya wakati huo zimezikamata histoni, zisiyumbe. Kwa kuwa kimeng'enya kimezikamata histoni na huku kinaivuta DNA, DNA hulazimika kuteleza juu ya histoni. Jozi moja huvutwa kuingia upande mmoja, na jozi moja husukumwa kutokea upande wa pili. Kisha hatua nyingine, na nyingine.

Mnaona uzuri wa njia hiyo? Kuifungua DNA yote kwa mara moja kungehitaji kuvunja migusano yote 14 kwa pamoja, na hiyo ni nguvu kubwa mno. Kimeng'enya huleta badiliko dogo la jozi moja, badiliko hilo hupita kando ya histoni, migusano ikiachia na kushika tena kwa zamu. Baada ya hatua makumi kadhaa, kipande kilichokuwa kimefichwa kiko nje, na mashine ya kusoma inaweza kutua. SWI/SNF inaweza kwenda mbali zaidi ya hapo na kuziondoa kabisa histoni kwenye DNA.

Mwaka 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Tsinghua, Beijing, walichapisha picha ya injini ya SNF2 ikiwa imeikumbatia nukleosomu. Waliipata kwa hadubini ya elektroni inayochunguza molekuli zilizogandishwa ghafla. Hoja iliyoanza na hamira isiyokula ilikuwa sasa inaonekana kwa macho.

Lakini kati ya nukleosomu nyingi namna hiyo, kimeng'enya kinajuaje pa kwenda? Kwanza, kuna protini zinazotambua mpangilio maalumu wa herufi kwenye DNA. Zikishatua karibu na jeni, hukiita kimeng'enya na kukishikilia hapo. Pili, histoni zina mikia inayochomoza nje ya nukleosomu, na vimeng'enya vingine huibandika mikia hiyo alama za kikemikali. Mojawapo ni asetili. SNF2 ina sehemu maalumu inayoishika alama ya asetili, kwa hiyo mahali palipobandikwa alama hiyo hukaa kwa muda mrefu zaidi. Seli huandika alama, na mashine huzisoma.

Koo nne

Baada ya SWI/SNF, wengine walianza kupatikana. Maabara ya Carl Wu, nchini Marekani, iliwatafuta kwenye viinitete vya inzi wa matunda na kukuta injini nyingine inayofanana na ya SNF2 lakini yenye tabia tofauti. Leo wanasayansi huvigawa vimeng'enya hivi katika koo nne kubwa: SWI/SNF, ISWI, CHD na INO80. Injini zao ni za ukoo mmoja wa zamani. Kinachowatofautisha ni sehemu za pembeni.

SWI/SNF tumeshaijua: kazi yake kubwa ni kufungua.

ISWI hupanga. Sehemu yake moja hushika kipande cha DNA kilicho wazi kati ya nukleosomu mbili na kupima urefu wake. Kikiwa kirefu upande mmoja, nukleosomu husogezwa kuelekea huko. Kazi hiyo ikirudiwa, nukleosomu hukaa kwa nafasi sawasawa, na mara nyingi mpangilio huo huzifanya jeni zitulie bila kusomwa.

CHD ni ukoo wenye watu wa tabia mbalimbali. Wengine hupanga kama ISWI. Wengine, kama CHD4, hutembea pamoja na vimeng'enya vinavyobandua asetili kwenye mikia ya histoni, na kwa pamoja huzifunga jeni.

INO80 na ndugu yake SWR1 wana ufundi wa kubadilisha histoni zenyewe. SWR1 hutoa H2A ya kawaida na kuweka badala yake histoni ndugu iitwayo H2A.Z, ambayo hupatikana sana mwanzoni mwa jeni. Kazi hiyo ilithibitishwa mwaka 2004. INO80 husaidia pia pale DNA inapokatika na kuhitaji kutengenezwa.

Kwa hiyo msije mkadhani kwamba vimeng'enya hivi vyote vinafungua. Baadhi hufungua, baadhi hufunga, baadhi hupanga. Seli yenye afya inawahitaji wote, kila mmoja mahali pake na wakati wake.

Kutoka kwa hamira hadi kwa mtoto

Hamira na binadamu walitengana katika mti wa uhai zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita. Hata hivyo, mapema miaka ya 1990 ilionekana kwamba sisi nasi tuna fundi wa ukoo wa SNF2. Kwa kweli tuna zaidi ya mmoja, na wawili wanaoongoza makundi yetu ya SWI/SNF huitwa BRG1 na BRM. Kwa binadamu makundi hayo hujulikana sana kwa jina la BAF.

Fikirieni kazi waliyo nayo. Seli ya ini na seli ya ubongo za mtu mmoja zina DNA ileile. Tofauti yao ni jeni zipi zimefunguliwa na zipi zimefungwa. Mtoto anapoumbika tumboni, seli changa za ubongo hugawanyika kwa wingi, kisha huacha kugawanyika na kuwa seli za neva. Mwaka 2007 maabara ya Gerald Crabtree, katika Chuo Kikuu cha Stanford, ilionyesha kwamba wakati huo kundi la BAF lenyewe hubadilisha watu wake: protini iitwayo BAF53a hutoka na ndugu yake BAF53b huingia. Mashine hubadilishwa kidogo, na seli huanza maisha mapya.

Sasa tuifikie ile SNF5 niliyowaambia mwikumbuke. Kuna saratani adimu na kali ya watoto wadogo, mara nyingi walio chini ya miaka mitatu, iitwayo uvimbe wa rabdoidi. Hutokea kwenye figo, ubongo na sehemu nyingine laini za mwili. Mwaka 1998 watafiti wa Taasisi ya Curie jijini Paris waligundua kwamba katika seli za saratani hiyo jeni moja imepotea au imeharibika pande zote mbili, ile iliyotoka kwa baba na ile iliyotoka kwa mama. Jeni hiyo ilikuwa SNF5 ya binadamu. Ndiyo ileile ambayo Neigeborn na Carlson waliikuta kwenye hamira iliyoshindwa kula sukari.

Simulieni jambo hilo polepole mkiwasimulia wenzenu, kwa sababu ni zito. Wanawake wawili walitafuta sababu ya hamira kulala njaa, na miaka 14 baadaye jibu lao likawasaidia madaktari kuelewa ugonjwa wa watoto. Leo daktari wa patholojia akishuku saratani hiyo, hukipaka kipande cha uvimbe dawa inayoonyesha protini ya SNF5. Ikikosekana kwenye viini vya seli za uvimbe na ikaonekana kwenye seli salama zilizo jirani, anapata ushahidi mkubwa wa ugonjwa anaopambana nao.

Na si saratani hiyo peke yake. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba karibu asilimia 20 ya saratani za binadamu zina hitilafu katika mojawapo ya jeni za kundi la SWI/SNF. Hitilafu za koo nyingine pia huumiza. Mwaka 2004 ilijulikana kwamba hitilafu ya CHD7 husababisha ugonjwa wa kuzaliwa uitwao CHARGE, unaoweza kuathiri macho, moyo na masikio. Mtoto mwenye ugonjwa huo hajafanya kosa lolote, na kwa kawaida hitilafu hiyo ni mpya, haikuwepo kwa wazazi wake. Mfundisheni yeyote anayemcheka.

Elimu hii imeanza pia kuonyesha njia ya matibabu. Baadhi ya saratani zimeipoteza BRG1. Seli za saratani hizo huendelea kuishi kwa kumtegemea ndugu yake, BRM. Seli salama zina wote wawili. Basi watafiti wakajiuliza: je, tukimzuia BRM, seli ya saratani si itabaki bila fundi, huku seli salama ikiendelea na BRG1 wake? Majaribio ya maabara yameunga mkono wazo hilo, na dawa za namna hiyo zinaendelea kutafutwa na kupimwa. Ni kazi ngumu, kwa sababu ndugu hao wawili wanafanana sana, na dawa inayomshika mmoja humshika na mwenzake kwa urahisi.

Swali la pili

Mkisoma vitabu vya sayansi, au mkisikiliza habari, mtakutana mara nyingi na sentensi kama hii: jeni fulani imegunduliwa, na ndiyo inayosababisha jambo fulani. Sentensi hiyo inaweza kuwa kweli, lakini ni nusu ya habari. Jeni iliyozungushwa kwenye histoni bila mtu wa kuifungua haisababishi lolote. Ipo, na haina sauti. Mwili wako ni kazi ya jeni ulizorithi, na ni kazi pia ya mashine zinazosogeza DNA jozi moja baada ya nyingine mchana na usiku, kwa nishati ya chakula ulichokula.

Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba jeni fulani ipo, msitosheke. Mwulizeni swali la pili, lile walilouliza Neigeborn na Carlson walipoikuta SUC2 nzima na hamira haili: ni nani anayeifungua, katika seli ipi, na wakati gani? Kuna maelfu ya jeni za binadamu ambazo majibu yake hayajakamilika, na yeyote kati yenu mwenye subira ya kuuliza hivyo anaweza kuyatafuta.